Majivu Juu ya Theluji

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na kwa magoti yangu yote mawili yasiyopigika tena hata kanisani, kwamba haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Kama nimetia uongo hata kijiko kimoja, basi baridi ijayo initandike nikiwa nimevaa shati la kulalia.

Najua mmeshaanza kucheka. Huku kwetu kaskazini mwa Vermont, watu wakisikia Leland Pelkey anaapa, wanashika kofia zao zisije zikaruka. Ni mimi niliyeendesha greda la theluji la kijiji mpaka nilipostaafu, na ni kweli nimewahi kusema kwamba mwaka mmoja niliisukuma theluji mpaka ng'ambo ya mpaka, Wakanada wakaisukuma ikarudi, tukachezeana hivyo mpaka mwezi wa tano. Haya, hilo nililitia chumvi. Hili la Orrin Wheelock sikulitia kitu. Laiti ningekuwa na la kulitia.

Orrin ni jirani yangu. Kinachotutenga ni ukuta wa mawe tu, nao umebomoka kiasi kwamba ng'ombe wake wa zamani walikuwa wakija kwangu kunisalimu. Upande wake kuna bonde lenye miti ya sukari. Mwisho wa baridi, usiku unapoganda na mchana ukapata jua, tunaitoboa miti hiyo, tunakinga maji yake, tunayachemsha kibandani kwenye sinia kubwa la bati mpaka yawe asali nyekundu ya mti. Ndiyo kazi ya ukoo wa Wheelock tangu miti ile ilipokuwa myembamba kuliko mimi, na hapo ni zamani sana.

Ila bonde lile lilikuwa na msiba wake. Lilikuwa msitu wa wazee watupu, kama kanisa letu. Ukitazama juu, vigogo, fahari, matawi yamekutana. Ukitazama chini, hakuna mtoto. Hakuna mche unaokufika gotini. Mzee mmoja akianguka, nafasi yake inakaa wazi kama pengo mdomoni.

Mnunuzi wa mbao alikuwa ameshapita mara kadhaa, bwana mwenye buti safi, anagonga magogo kwa kiganja kama mtu anayechagua tikitimaji. Na Orrin alikuwa na kifua kibovu. Daktari alishamwambia, na Orrin akaniambia mimi kwa mkato, kama mtu anayetaja bei ya misumari. Mrithi wake ni Corinne, binti wa marehemu dada yake, msichana mwenye mikono ya kazi ambaye hakutaka kingine duniani ila kile kibanda na lile sinia.

"Siwezi kumrithisha mtoto nyumba ya wazee," Orrin aliniambia siku moja tukichochea moto. "Akifika umri wangu atakuwa anatoboa visiki. Wewe sikiliza. Miche ikivuka kiangazi kimoja, kimoja tu, huyu bwana wa buti safi simuuzii hata kijiti. Isipovuka, namuuzia yote hapo hapo ikiwa bado ina thamani, Corinne aende akaanze kwingine."

"Kwa nini iwe mwaka huu?"

"Umeona mbegu zilivyomwagika vuli iliyopita? Miti hii haizai kila mwaka, Leland. Inazaa mpaka inajisahau, halafu inanyamaza miaka. Itakapozaa tena mimi nitakuwa mbolea."

Sikumpinga. Ilikuwa kweli, na mimi ukweli hunipa kiungulia.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hili hamtaelewa tulichokifanya. Mche wa mti wa sukari una nafasi moja tu ya kula kwa mwaka. Ni kile kipindi kifupi theluji inapokwisha chini na wazee wakiwa bado uchi juu. Jua linashuka mpaka ardhini, na kitoto kile kinakula, kinakula, kinaweka akiba. Halafu wazee wanafungua majani yao, dari inafungwa, na chini kunakuwa kama ndani ya gunia mpaka vuli. Aliyeshiba ameshiba. Aliyechelewa atakufa njaa katikati ya kiangazi, na mvua zote zimnyeshee.

Zamani mambo yalikwenda sawa. Lakini miaka hii joto linakuja mapema, na linawafikia wazee kwanza, kule juu kwenye jua. Bonde la Orrin linaelekea kaskazini. Theluji yake ni ya mwisho kuyeyuka kijijini. Kwa hiyo wazee wanaamka huku miguu yao bado imezikwa, na watoto wanapofumbua macho wanakuta wakubwa wameshakula na kufuta meza.

"Unamkumbuka mama yangu na njegere zake?" Orrin akaniuliza.

"Nani asiyezikumbuka? Mlikuwa mnakula njegere na sisi bado tunaitafuta bustani ilipo."

"Alikuwa anafanyaje?"

"Si anamwaga majivu juu ya theluji? Theluji nyeupe inalirudisha jua. Ukiichafua, inalimeza."

Orrin aliacha kuchochea moto. Akageuka taratibu akatazama nyuma ya kibanda, kwenye lile lundo la majivu. Mchemshaji wa asali ya mti anachoma kuni usiku na mchana majira yote, na majivu huwa yanamshinda pa kuyatupa. La Orrin lilikuwa la miaka. Ningeweza kuwaambia kwamba juu yake palikuwa na mawingu, lakini nimeapa.

"Bonde zima?" nikamwambia. "Babu wee, una wazimu au umezidisha matango ya siki?"

"Njegere zilitoka au hazikutoka?"

Corinne alikuwa anasugua ndoo. Akanyanyua kichwa. "Mjomba, njegere zikiharibika unapanda nyingine wiki ijayo. Hizi zikiharibika?"

"Ndiyo maana tunafanya sasa, mama, kabla jua halijapotea bure."

"Sijauliza hilo."

"Nimekusikia ulichouliza."

Tukafanya. Tulipakia majivu kwenye sleji ya kukokotea ndoo, trekta likavuta pale lilipoweza kupita, na pale lisipoweza tukavuta sisi, wazee wawili na msichana mmoja, tunarusha kwa koleo kama watu wanaopanda ngano huko kuzimu. Nilikohoa kijivu kwa siku kadhaa. Mzee wa dukani aliniona nikinunua tumbaku akasema, "Pelkey, leo umekuja umeshachomwa kabisa? Wengine huwa tunasubiri tufe kwanza." Majivu yakatuishia tukiwa tumemaliza upande mmoja wa kijito kinacholikata bonde katikati. Upande wa pili ukabaki mweupe vile vile.

Na njegere zilitoka. Namaanisha miche. Theluji ya upande wetu ililika ikawa matundu, ikawa vipande, ikawa maji, wakati ng'ambo ya kijito bado ungeweza kuteleza kwa mbao za miguuni. Mbegu zile zilikuwa zimeanza kupasuka chini ya theluji yenyewe, maana mti wa sukari ndivyo ulivyo, unaota kwenye baridi inayokaribia kugandisha. Zikasimama. Kila mche una majani mawili membamba marefu kama masikio ya sungura, na katikati yake kijani cha kweli, kimekunjamana, kidogo kama kiganja cha mtoto mchanga. Bonde likawa na manyoya. Na juu, wazee bado uchi kabisa, jua linamwagika.

Orrin alilala kifudifudi. Mtu mzima, kofia yake pembeni, pua kwenye matope.

"Vinakula," akasema.

"Unawasikia wakitafuna?"

"Nawasikia, mjinga wewe. Lala hapa."

Nikalala. Sikusikia kitu ila kifua chake.

Corinne alitukuta hivyo. Akasimama juu yetu. "Nimwite mchungaji au nilete chai?" Lakini na yeye alikuwa anacheka, na tangu dada yake Orrin afariki sikuwa nimemwona akicheka namna ile, meno yote nje. Jioni ile alianza kuongelea kubadilisha paa la kibanda.

Majuma mawili, zaidi kidogo, tuliishi hivyo.

Halafu redio ikatangaza baridi. Si baridi ya kuvaa sweta. Baridi ya kurudi, ile inayokuja mwezi wa tano wakati kila mtu ameshaweka koti kabatini. Anga lilikuwa safi na upepo umetulia, nanyi mjue kwamba baridi ni kama maji, inashuka, inatafuta mabonde. Mtu wa kijiji chetu akisikia hivyo anatoa mashuka kwenda kufunika bustani. Hiyo ndiyo akili tuliyorithi. Na sisi, watu watatu wenye akili zao, tukaamua kufunika msitu.

Mchana mzima nilizunguka na gari nikiomba mashuka. Nilipewa mashuka, vitambaa vya meza, mapazia ya bafuni, na blanketi lenye picha ya samaki. Mke wa mwenye duka alinipa mashuka yake ya harusi. Mumewe akasema, "Yakirudi na tope, Pelkey, nitakufunika wewe." Tukayatandaza mpaka jua lilipotua. Bonde likawa kama wodi. Na bado tulifunika sehemu ndogo, ndogo mno, na miche mingine yote ikabaki inatutazama.

Asubuhi mashuka yalikuwa bati. Nilishika ncha ya la kwanza, nikalinyanyua, likasimama lenyewe kama mlango. Hapo nafikiri nilisema utani fulani. Hakuna aliyecheka. Umande ulikuwa umelowesha vitambaa kabla ya kuganda, vikalala juu ya miche kwa uzito wake wote, na tulipovivuta miche ikakatika kama kioo. Ile ambayo hatukuifunika ilikuwa imesimama bado, kijani kibichi kinachong'aa, mizuri kuliko jana. Corinne akasema, "Mjomba, hii imepona!"

Orrin aligusa jani moja kwa kidole. Alijua. Mimi pia nilijua. Jua lilipopanda juu ya kilima, miche ikaanza kutoa maji, ikalegea, ikawa myeusi tupu, na kufikia saa ya chakula cha mchana bonde zima lilikuwa na harufu ya mchicha ulioungua.

Orrin aliokota shuka moja akaanza kulikunja. Akakunja la pili. Pembe kwa pembe, vizuri, kama ya hospitalini. Tukakunja naye. Ya yule mke wa mwenye duka Orrin aliyapeleka mwenyewe.

"Bado upande wa pili," nikasema tulipomaliza.

Na kweli, ng'ambo ya kijito, pale majivu hayakufika, miche ilikuwa imelala salama chini ya theluji chafu ya mwisho wakati wote wa baridi ile. Ilitoka baadaye, haikuguswa. Orrin alivuka kijito kila siku kuitazama. Lakini huku juu wazee, ambao baridi iliwachoma ncha tu, walikuwa wameshafungua. Dari ilifungwa. Ile miche ilitoka ikaingia gizani. Ikarefuka, ikapauka, ikawa na shingo nyembamba. Kufikia mwezi wa saba ilikuwa inalala chini mmoja mmoja, shina limeoza pale linapogusana na udongo, na iliyobaki ikaliwa na kulungu kama vitafunio.

"Tungeiamsha mapema zaidi?" Corinne aliuliza.

"Baridi ingeiua mapema zaidi," Orrin alisema.

"Tungeiacha basi."

"Umeona iliyoachwa."

Hayo ndiyo mazungumzo yao yote kuhusu jambo hilo. Sikuwasikia wakirudia tena, na habari ya paa jipya haikutajwa.

Wiki ile kifua kilimwangusha Orrin, akapelekwa hospitalini. Corinne alirudi kutoka kumtazama, akaja kukaa barazani kwangu, viatu bado vina matope.

"Anauliza kama umebaki hata mmoja," akasema. "Anasema akirudi atakwenda kutazama mwenyewe, kisha ampigie yule bwana wa mbao. Nimwambie nini, Mzee Pelkey?"

"Mwambie ipo."

"Ipo?"

"Mtoto, we mwambie ipo. Hujatazama vizuri."

Hapo sasa ndipo ninapoomba msinikatize. Nyuma ya kanisa letu kuna miti ya kupamba mtaa, ndugu wa mbali wa mti wa sukari, walioletwa kutoka ng'ambo enzi za watu waliopenda barabara zenye vivuli. Jani lake ukiliweka kando ya jani la mti wa sukari, mama mzazi asingejua. Chini yake miche imejaa kama nywele. Hiyo haijali baridi, haijali kivuli, haijali sumu ya mfereji. Nilikwenda asubuhi nikiwa na kijiko cha supu na sinia za kuokea za marehemu mke wangu. Mchungaji akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nimeanza kupenda bustani. Akasema Mungu asifiwe.

Nikaipanda bondeni, ng'ambo ya kijito, huku na huku bila mpango, kama ingekuwa imejiotea. Nikarudishia majani makavu juu. Magoti yangu yalilia mpaka mbwa wa Orrin akaitikia. Nilipomaliza nilisimama nikatazama, na naapa tena, kwa dakika moja hivi hata mimi niliamini.

Orrin alirudi amepungua. Corinne alimweka kwenye kigari cha nyuma ya trekta, juu ya mto, blanketi la samaki miguuni. Tukavuka kijito. Akaiona.

Akashika ukingo wa kigari, akanyoosha shingo.

"Hii imetoka wapi, Leland?"

"Imechelewa kidogo. Ni mikaidi, kama watu fulani."

"Na hivi vivuli vyote?"

"Imevizoea. Nimekwambia ni mikaidi."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Corinne," akasema, "tukifika nyumbani mpigie yule bwana. Mwambie buti zake akavalie kwingine." Corinne aliweka mkono mdomoni. Alinitazama mimi, hakumtazama mjomba wake, na machoni mwake mlikuwa na swali ambalo sikulitaka.

Kisha Orrin akainama kutoka kigarini, akachuma jani moja akatia kikonyo mdomoni. Sisi sote tulikuwa tukifanya hivyo utotoni, tunatafuna vikonyo njiani kwenda shule. Sikulifikiria hilo. Mtu hawezi kufikiria kila kitu.

Akatafuna mara moja. Akatema. Akatazama kidole chake, pale kikonyo kilipokatikia. Palikuwa na tone jeupe zito, kama maziwa.

"Leland."

"Naam."

"Mti wa sukari hautoi maziwa."

"Labda huu ni wa kike."

Corinne akaanza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani, akageuka akatazama kijito. Orrin alikipangusa kidole kwenye blanketi, taratibu, kwenye jicho la samaki.

"Umeitoa kanisani," akasema.

"Nyuma ya kanisa."

"Umepiga magoti ukachimba."

"Kwa kijiko."

"Mzee mzima." Akatikisa kichwa. Nilisubiri anitukane. Matusi yangenifaa. "Basi utalipa, rafiki yangu. Kwanza utaing'oa yote, na mizizi yake, maana hii ukiiacha itameza misitu ya watu mpaka Kanada. Halafu utachukua kopo la rangi kibandani. Huyo bwana anataka miti iwekewe alama kabla hajaleta watu wake. Mimi kilima sikiwezi tena, na mtoto huyu sitaki aifanye kazi hiyo. Utapaka wewe."

"Orrin, bwana wee..."

"Uongo ulikuwa wako au wa mbwa?"

Niliing'oa siku ile ile, mbele yake, nikijaza zile sinia za kuokea. Nilikuwa nikitazama kila nafasi kati ya mche na mche, nikitafuta mmoja wa kweli, hata ulioliwa nusu. Alijua ninatafuta nini. Sikupata.

Kesho yake nikabeba kopo. Rangi ilikuwa ya buluu, ile ya kwenye milango ya mazizi. Corinne hakuja; alikuwa kibandani akiliosha sinia ambalo halikuwa na uchafu. Orrin alikaa chini kwenye kigari, darubini yake ya kuwindia machoni, na mimi nikapanda kilima napaka. Mstari mmoja kifuani, mstari mmoja chini karibu na mzizi. Miti niliyoitoboa nikiwa kijana. Mingine bado ina makovu ya ndoo. Nilipaka mpaka mkono ukakataa, nikahamia mkono mwingine.

Juu kabisa kuna mmoja mnene, ambao watu wawili hawaukumbatii. Nilipoufikia nilijiegemeza, kama mtu anayevuta pumzi, nikafunga kopo nikapiga kelele kwamba nimemaliza.

Sauti yake ilipanda kutoka chini, nyembamba, lakini ilifika.

"Umeruka mmoja, Leland!"

"Upi?"

"Huo unaouficha kwa mgongo wako!"

Nikakaa pale kidogo zaidi. Kisha nikafungua kopo, nikageuka, nikaupaka.